Elimu Iliyotufungulia Mlango



Tuliiaga madrasa hii mwaka 2004, tukamfuata baba aliyekuwa akifanya kazi Aberdeen, Uskoti. Kaka yetu alibaki Dar es Salaam kwa bibi. Ndiye aliyekuwa akitushika mkono kutuleta hapa kila alasiri.

Baada ya mwaka tukapata habari kwamba kaka anatumia unga, na ameuza hadi vyombo vya bibi. Baba akaagiza asifunguliwe mlango. Nasi tulikubali. Tulisema hana imani, angetaka angeacha. Usiku mmoja alitupigia simu tumwombee msamaha kwa baba. Tuliikata.

Tulipoingia chuo kikuu tukachagua elimu ya ubongo. Huko tulisoma habari za Hans Kosterlitz, mhamiaji kama sisi, aliyefika Aberdeen kutoka Ujerumani mwaka 1934. Mwaka 1975 yeye na John Hughes walitangaza kuwa ubongo wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanya kazi kama mofini. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, ikakalia nafasi ya vitu hivyo. Ubongo ukishazoea hudai zaidi, na unga ukikosekana huja arosto: viungo kuuma, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi. Hapo mtu hatafuti tena raha, anakimbia mateso.

Tulifunga daftari tukalia. Tuliikumbuka ile simu.

Unga ni haramu, hatusemi vinginevyo. Lakini mgonjwa hutibiwa. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto. Tulimweleza baba. Alinyamaza hadi tukadhani amekasirika, kisha akampigia bibi: "Mama, mfungulie."

Kaka aliandikishwa. Aliteleza mara mbili, akarudi kliniki. Leo, alhamdulillah, anauza matunda na ana mke na mtoto. Sisi tunaendelea na utafiti wa uraibu.

Wanafunzi, msiuonje unga hata mara moja. Wazazi, mtoto akianguka, mpelekeni hospitali kabla ya kumfungia mlango. Sisi tulichelewa miaka sita.