Mchezaji wa Ridhaa Awe na Ridhaa

Kiamaiko tunakoishi hutajwa kwa mbuzi kabla ya kutajwa kwa jambo jingine lolote. Malori huwaleta kutoka Moyale, Marsabit na Isiolo, na jua halijawa kali nyama imekwisha kusambazwa jijini. Lakini ng'ambo ya barabara ya Thika, si mbali nasi, upo uwanja wa gofu wa Muthaiga, na wapo vijana wa mitaa hii wanaopata riziki yao kwa kuwabebea wachezaji mikoba ya fimbo.

Mmoja wao alisoma chuoni kwetu. Siku ambazo wabeba mikoba huruhusiwa kucheza, naye hucheza kwa fimbo za kuazima. Mwaka jana babake alitujia na shida. Kijana alikuwa akirudi na maumivu ya mgongo, akilala siku mbili tatu bila kwenda kazini, na siku asiyobeba mkoba nyumbani hapaingii kitu.

Tulipomwita alitwonyesha simu yake. Humo alikuwa akimtazama Rory McIlroy polepole, pigo baada ya pigo, kisha huenda akajipinda kiuno vivyo hivyo kwa nguvu zake zote. "Maalim," alitwambia, "nataka nipige kama yeye."

Tulimwomba kwanza atufundishe mchezo wenyewe. Alitueleza kwamba kila shimo lina kipimo chake cha mapigo, na kwamba mchezaji wa ridhaa, yaani asiyecheza kwa malipo, hupewa handikapu, ambayo ni hesabu ya udhaifu wake iliyoandikwa wazi. Mwenye handikapu ya 18 huongezewa pigo moja katika kila shimo kati ya mashimo 18. Shimo ambalo bingwa hutarajiwa kulimaliza kwa mapigo manne, yeye akilimaliza kwa matano ametimiza wajibu wake, wala hana la kuonea haya.

"Basi hutii hesabu hiyo?" tulimuuliza.

Alicheka. Akatueleza habari za mabwana anaowabebea. Wakishatazama mashindano ya Kenya Open, wiki ifuatayo husimama pale pale aliposimama bingwa, wakaomba fimbo ile ile aliyoitumia kuruka maji. "Mimi huwapa, Maalim, kisha huenda kuutafuta mpira." Alipokwisha kusema hayo akanyamaza, na sisi tukanyamaza naye, kwani jawabu lilikuwa limekwisha kutoka kinywani mwake.

Alituongezea jambo lililotustaajabisha. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mpira huruka mbali zaidi kuliko kwetu Pwani. Bingwa atokaye Ulaya hupima upya umbali wa kila fimbo yake kabla ya mashindano. Ikiwa bingwa haigi hata mapigo yake mwenyewe ya juzi, sisi twamwiga vipi bila kupima?

Sisi tuliolelewa chuoni tunaujua ugonjwa huu. Mwanafunzi humsikiliza Sheikh Abdul Basit, akatamani pumzi yake ndefu, akaikata aya mahali pasipokatwa kwa kuwa pumzi yake imemwishia. Aliichukua pumzi, akaiacha elimu ya kusimama na kuanza.

Hatusemi kuiga ni kubaya. Mtoto hajifunzi hata kutembea pasipo kuiga. Tunasema mtu aige mwanzo wa bingwa kabla ya mwisho wake. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978 na mwaka uliofuata akashinda mashindano makuu ya Uingereza, alikuwa mbeba mikoba utotoni huko Uhispania. Sheria inamruhusu mchezaji kuwa na fimbo 14. Yeye alijifunza kwa fimbo moja kuukuu, akipiga kwenye mchanga wa ufuoni, mpaka fimbo hiyo moja ikamfanyia kazi ya nyingi. Habari hii ndiyo tuliyomwachia kijana wetu aende nayo.

Lugha yetu imewapa jina zuri wasiocheza kwa malipo. Ridhaa ni radhi, ni moyo kukubali. Basi mchezaji wa ridhaa na aikubali hesabu yake ya leo, aipunguze kwa subira, pigo moja baada ya jingine.

Kijana wetu sasa ana daftari ambamo huandika mapigo yake ya kila shimo. Bado ana nia ya kuwa mchezaji wa kulipwa, nasi tunamwombea. Mgongo umepoa, na babake anatwambia hajakosa kazi tangu mfungo mosi. Wazazi wenzetu, mwanao akimwiga bingwa usimkataze. Muulize tu bingwa huyo alianza na nini, kisha mtafute jawabu pamoja.