Bahili Mwenye Mkongojo

Mwaka 1987 televisheni za Marekani zilianza kuonyesha katuni ya DuckTales, yenye visa vya bata mzee, tajiri na bahili, aitwaye Scrooge McDuck, asafiriye duniani kutafuta hazina. Bata huyo hakuwa mgeni, kwani mchoraji Carl Barks alikuwa amekwisha kumbuni tangu mwaka 1947. Mwaka 1989 kampuni ya Capcom ya Japani iliigeuza katuni hiyo kuwa mchezo wa mashine ya Nintendo, iunganishwayo na televisheni. Watoto walioucheza wakati ule leo ni wazazi, na baadhi yao wameurudia pamoja na watoto wao.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza, mgumu kutenda. Mzee hana bunduki wala upanga, ana mkongojo tu. Mchezaji akibonyeza vitufe sawasawa, bata huruka, akaukita mkongojo chini na kudunda juu yake, akiwaponda maadui na kuvuka miiba. Safari ni tano: Amazon, Transylvania, migodi ya Afrika, Himalaya na mwezini. Kila mahali pana hila yake. Katika theluji ya Himalaya mkongojo hunasa, mzee akabaki kama mtu aliyezama matopeni. Migodi ya Afrika nayo haiingiliki mpaka ufunguo uletwe kutoka Transylvania.

Lakini ukali wa mchezo ulikuwa katika kaseti yenyewe, ambayo haikuweka kumbukumbu ya safari. Aliyeshinda mara nne, kisha akaishiwa nafasi zake katika safari ya tano, alianza upya kama asiyepata kucheza. Hazina zote zilipotea, yakabaki mazoea ya vidole. Ndivyo ilivyo kwa kuruta katika uwanja wa gwaride: jasho la jana halionekani, ila hatua ya leo imenyooka zaidi.

Mwaka 2017 mchezo huo ulitolewa tena pamoja na mingine ya jamii yake, safari hii ukiwa na uwezo wa kurudisha wakati nyuma. Mchezaji akitumbukia shimoni hubonyeza kitufe, na anguko likafutika. Hapo ndipo baba na mtoto hutofautiana. Baba huona huo ni udanganyifu. Mtoto huuliza kwa nini ateseke bure. Kila mmoja ana sehemu ya haki. Mzazi arudiye kazini usiku, mwenye nusu saa tu ya kukaa na wanawe, pengine asingeuona mwisho wa mchezo bila msaada huo. Lakini mtoto ambaye kila anguko lake hufutwa hufika mwezini na vidole vya siku ya kwanza.

Yafaa basi kitufe kitumike kujifunza mahali pagumu, kama askari arudiavyo shabaha. Baadaye safari ifanywe nzima bila msaada, mzazi na mtoto wakipokezana, wala anayeanguka asichekwe.

Mchezo ulipotengenezwa upya mwaka 2013, sauti ya Scrooge ilitolewa na Alan Young, yule yule aliyemwigiza katika katuni ya mwaka 1987. Alikuwa na umri wa miaka 93. Alifariki mwaka 2016. Hakuna kitufe kilichomrudishia miaka yake, lakini kazi aliyoizoea hakuisahau.