Lamu na Picha Nisiyoiona

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikienda Lamu kila Mfungo Sita kwa ajili ya Maulidi, na katika muda wote huo sikupata hata mara moja kusimama nikautazama mlango. Nilikuwa nikishuka chomboni, nikipanda ngazi za gati, nikishika njia ya Riyadha macho yakiwa chini, kwa kuwachelea punda na walichoacha njiani.

Mwaka huu sikwenda peke yangu. Ndugu yangu alinitaka nifuatane na bintiye, maana mimi ni ami yake na mahramu wake. Binti huyu ana shauku kubwa ya kupiga picha. Amenunua kamera iliyokwisha tumiwa na mwingine, na pamoja nayo hubeba daftari dogo. Kila picha huiandikia mahali, saa, na upande mwanga ulikotokea. Mwisho wa mstari huandika neno moja, idhini, na mbele yake ndiyo au la.

Sina budi kuungama kwenu, wasomaji wangu, kwamba mimi ni katika wale waliowahi kusema maneno makali mimbarini kuhusu picha. Nilijua vyema kwamba wanazuoni wamekhitalifiana. Nilijua kwamba Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala akaijuzisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba hiyo ni kukizuia kivuli tu wala si kuumba. Lakini ukali ni mwepesi kuliko maelezo, nami nilichukua ulio mwepesi.

Safari ya basi haina la kusimuliwa: Malindi, Garsen, Witu, vumbi, vizuizi vya askari, hata Mokowe, na kutoka hapo boti. Tulipofika mtaa wa Mkomani akanisimamisha mbele ya mlango wa nyumba ya mawe. "Ami, tazama mfaa." Nikautazama ule mti wa katikati unaoziba mwanya baina ya mbao mbili. Fundi aliuchonga nakshi kutoka juu hadi chini kabisa, mahali ambapo hapana atazamaye isipokuwa paka. Vichochoro vya hapo ni vyembamba hata punda mwenye mzigo akipita huna budi kujibana ukutani, na jua huteremka chini kwa kitambo tu, karibu na adhuhuri. Binti akaungojea mwanga ufike kizingitini. Nami nikakaa barazani na uradi wangu, nikaumaliza, nikauanza tena. Picha aliyoipata baada ya subira yote hiyo ilikuwa moja.

Katika jumba la makumbusho tulizitazama siwa mbili, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya Pate. Aliandika daftarini: "Kioo kinang'aa, picha mbaya. Chombo cha kupulizwa, na hakuna anayekipuliza." Sikuwa na la kuongeza.

Jioni wanaume walicheza goma, safu kwa safu, kanzu nyeupe na bakora mikononi, mwendo wa taratibu kwa ngoma na zumari. Alinung'unika kwamba picha haina sauti. Kisha akaiacha kamera ifumbue jicho lake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na bakora zikatoka kama moshi juu ya miguu iliyotulia. Nilipoitazama ile picha, naapa nilikaribia kuisikia ngoma. Ama usiku, yaliposomwa Maulidi ya Habshi kwa matari, kama yalivyosomwa tangu zama za Habib Swaleh, alikaa upande wa wanawake na kamera ikabaki mkobani. Simu zilizoinuliwa kumzunguka zilikuwa nyingi, akaniambia, wala hakuna aliyemuuliza jirani yake neno.

Usiku ule hakula. Nilipomuuliza, akasema, "Ami, nimeiba."

Mchana alikuwa amepita mbele ya nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Ndani, kiwandani, bibi mmoja mtu mzima alikuwa akipeta mchele kwa uteo, leso imemteremka mabegani, nywele nje, na mwanga ukimwangukia pamoja na vumbi la mchele. Binti alipiga picha kabla ya kutoa salamu. Mbele ya neno idhini hakuandika kitu. Nilinyoosha mkono nipewe kamera nione. Akaiziba kwa kiganja. "Ami, si halali yako kuona." Mimi niliyehubiri sitara miaka yote hiyo nikaurudisha mkono wangu.

Asubuhi alikwenda kubisha hodi. Bibi hakukasirika. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akamsimulia jambo. Lamu si ngeni wa kamera. Omar Said Bakor alikuwa na studio yake mjini tangu miaka ya sitini, akikata picha na kuziunganisha kwa namna ambayo watu wa mbali walikuja kuistaajabia. Lakini bibi huyu alipigwa picha Mombasa, siku za harusi yake, na filamu ikabaki na mpiga picha. Mpaka leo, alisema, akilala hujiuliza iko mkononi mwa nani.

Basi akatoa sharti lake: atolewe nakala moja, ya kamera ifutwe, na fundi wa kiume asiione.

Sharti la mwisho ndilo lililotutaabisha. Maduka yote ya kuchapisha picha tuyajuayo yana vijana wa kiume. Mwishoe akapatikana rafiki yake huko Mombasa mwenye mashine nyumbani. Ikachapishwa, ikafutwa mbele ya macho ya rafiki huyo, ikatiwa katika bahasha na kugandishwa. Mwezi uliofuata nilikuwa na nikahi ya kufungisha Lamu, nikakabidhiwa bahasha hiyo. Niliisafirisha baina ya vitabu viwili isije ikakunjika.

Nilipiga hodi. Mkono wenye hina ukatokea nyuma ya mlango ukaipokea. Nikasikia karatasi ikichanwa, kisha kimya kirefu hata nikadhani nimesahauliwa.

"Lo," ilisema sauti kutoka ndani. "Mbona huyu ni mamangu."

Kisha akaniuliza kama nimekwisha kunywa kahawa.