Helikopta Juu ya Meza ya Kijana Wetu

Mara kwa mara, baada ya darsa ya alasiri, mama zetu hutuuliza juu ya vitu wanavyovipenda watoto wao wa kiume: bunduki za plastiki, vifaru, ndege za kivita. Je, ni halali? Na je, vyafaa kuwekwa nyumbani? Swali la kwanza lina majibu yake katika vitabu, nasi tumelijibu mara nyingi. La pili ni gumu zaidi, kwani vitabu haviingii chumbani kwa kijana vikaona anakifanyia nini kitu chake. Juma hili tumeona tulijibu kwa habari ya helikopta moja iliyokalia meza ya kijana wetu tangu likizo ya Agosti.

Ndugu yetu anayefanya kazi Sharjah ndiye aliyemletea. Kijana ana umri wa miaka 14. Sanduku lenyewe lilikuwa kubwa kiasi cha kuchukua seti ya vyombo vya chai, na ndani yake hamkuwa na helikopta. Mlikuwa na mamia ya vipande vya plastiki ya kijivu, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, vimeshikamana na vijiti vyake kama kunazi na tawi. Kila kipande hukatwa kwa wembe, hupigwa msasa, hupakwa rangi, ndipo kigandishwe mahali pake. Kilichokuwa kinatakiwa kutokea humo ni mfano wa helikopta ya kivita iitwayo Mi-24, kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Helikopta ya kweli ina kiwiliwili cha mita 17 na nusu, kwa hiyo mfano wake ni nusu mita, na mapanga yake yakitandazwa ni karibu nusu mita vilevile. Vitabu vya shule vilihamia kitandani.

Ni vyema msomaji aijue helikopta hii. Ilibuniwa katika Muungano wa Kisovieti na ofisi ya mhandisi Mikhail Mil, ikaruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Mil mwenyewe alifariki mwanzoni mwa 1970, kabla haijaanza kutumika jeshini. Fikira yake ilikuwa kuunganisha kazi mbili: chombo kibebe askari wanane tumboni, na papo hapo kipigane chenyewe, kwa bunduki ya puani na makombora yanayoning'inia kwenye mbawa fupi zilizoinama pande zote mbili. Vita vya Afghanistan, kuanzia 1979 hadi 1989, ndivyo vilivyoitangaza. Vijiji vya milimani vikaujua mlio wake, hadi yalipofika makombora ya begani ya Stinger mwaka 1986 ikaanza kutunguliwa. Ikauzwa nchi nyingi, na barani kwetu pia.

Kuhusu uhalali tuseme machache. Chombo hakina roho, na kukifanyia mfano hakuna shaka kwa wanavyuoni tunaowajua. Watu wa Lamu wanachonga majahazi madogo tangu zamani, na hakuna aliyewakataza. Katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya Bibi Aisha na farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyocheka mpaka yakaonekana magego yake. Sandukuni mlikuwa na sanamu mbili za marubani. Kijana alituuliza, tukamweleza kuwa wanavyuoni wamehitilafiana, naye akachagua kuziacha. Viti vya marubani vikabaki vitupu, lakini alivitengenezea mikanda kwa vipande vya karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai, kila mkanda na kifungo chake.

Kazi yenyewe, tukiri, ilitupendeza. Sisi tuliokulia chuoni na kalamu ya mwanzi twajua maana ya mkono kutulia. Kijana alipaka saa za mbele ya rubani kwa brashi aliyoipunguza manyoya hadi yakabaki matatu. Chumba cha marubani cha ndege hizi hupakwa rangi ya feruzi, na ndani yake mna feni ndogo ya kumpepea rubani, kama ile iliyokuwa kwenye mabasi ya zamani ya Malindi. Feni hiyo katika mfano ni ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Alijifunza kuwa gundi ya kazi hii haishikanishi tu, bali huyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja, basi dirisha lazima liwe wazi. Mama zetu walizingatie hilo, maana mvuke wake si mzuri kwa kifua. Alijifunza pia kuwa gundi ile ikaukayo mara moja haifai kwenye vioo, kwa sababu huviachia ukungu mweupe usiotoka. Vioo akavigandisha kwa gundi nyeupe ya mbao.

Siku moja alitujia na rula mkononi, uso umemsawijika. Helikopta yake, akasema, imekwenda upande. Ameipima mara tatu: magurudumu yakikaa sawa mezani, kiwiliwili kinalala kushoto. Alitaka kuibandua miguu aanze upya. Tulimshauri atazame kwanza picha za helikopta za kweli zikiwa zimetua, tukakaa naye tukazitazama moja baada ya moja. Zote zimelala kushoto! Sababu yake ni kwamba mapanga ya juu yanapozunguka, kiwiliwili hutaka kuzungukia upande wa pili, na panga la mkiani huzuia. Lakini panga hilo la mkiani, pamoja na kuzuia, husukuma chombo chote ubavuni. Basi wahandisi waliuinamisha mhimili wa mapanga nyuzi 2.5 kuelekea kulia, na ili mapanga yabaki sawa helikopta inapokuwa chini, mwili ukalazwa kushoto. Mpindo ulikuwa ndio usahihi. Kijana alicheka, akarudi kazini, na tangu siku hiyo akawa haamini kitu mpaka akitafute katika picha.

Likaja zamu ya rangi ya nje. Mgongo ulipakwa hudhurungi na kijani, mabakabaka, kufuata milima ya Afghanistan. Tumbo likapakwa buluu hafifu ya kukaribia kijivu. Aliigeuza helikopta chali juu ya taulo, akaiacha ukumbini penye upepo ikauke.

Ilikuwa alasiri ya Ijumaa. Jirani yetu, mama wa Kisomali aliyehamia mtaani kwetu na wanawe baada ya kutoka Mogadishu mwaka 2007, aliingia na sahani ya halua kwa mama watoto, kama desturi yao wawili. Alifika kwenye lile taulo akasimama. Hakusema kitu kwa muda. Kijana akamsalimu, naye akaitikia bila kuondoa macho.

"Hii naijua," alisema.

Kijana alifurahi kwamba kuna mtu mzima anayeijua. Akaanza kumweleza: jina lake, mwaka wake, kasi yake ya kilomita 335 kwa saa, na jinsi mbawa zake zinavyoubeba sehemu ya uzito inapokwenda mbio. Mama yule alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, "Na tumbo kwa nini umelitia rangi hii?"

"Ili isionekane na watu walio chini, khale," kijana akajibu. Alikuwa amelisoma hilo na jibu lilikuwa tayari. Lakini lilipomtoka tulimwona akinyamaza, mkono umebaki hewani.

"Ni kweli," akasema jirani yetu. "Sisi tulikuwa twaisikia kabla ya kuiona."

Mwishoni mwa Machi 2007, katika mapigano makali ya Mogadishu, helikopta za aina hii za jeshi la Ethiopia zilikuwa angani, na moja ilitunguliwa. Jirani yetu hakutusimulia mengi ya siku hizo, nasi hatukumuuliza. Alichotaka yeye ni kuona ndani. Kijana aliigeuza kwa uangalifu akamfungulia mlango wa ubavuni, ambao hufunguka kwa vipande viwili, cha juu kikapanda na cha chini kikashuka kuwa ngazi. Ndani mna viti vinane, vinne vinatazama huku na vinne kule, migongo imeelekeana. Alikuwa ameviwekea mito ya kijani na kuichakaza kwa msasa laini, kama iliyokaliwa miaka mingi. Mama alichungulia kwa muda mrefu.

"Sikupata kufikiri kwamba mna viti," akasema. Akampa mama watoto sahani yake, wakaenda zao jikoni.

Usiku ule nyumbani kwetu palikuwa na mashauri. Mama watoto alitaka kitu kile kitoke nyumbani kabla ya asubuhi. Hoja yake haikuwa ndogo: jirani ana haki, na mtu haingii nyumba ya rafiki yake akakutana na yaliyomfukuza kwao. Kijana hakujitetea, akasema yeye mwenyewe atakibomoa. Sisi tulisita. Kukibomoa usiku, kimyakimya, tuliona ni kumwamulia mama yule jambo lake bila kumuuliza. Basi mama watoto akaenda kumuuliza. Jibu likarudi pamoja na sahani yetu: mwacheni amalize alichokianza, ila isikae ukumbini, kwa sababu wanangu huja hapo. Ikahamia chumbani, na huko ndiko iliko mpaka leo.

Hata hivyo kazi ilibadilika. Kijana alisema hataiwekea silaha, vibweta vya makombora vitabaki sandukuni. Hapa tulitofautiana naye, na wasomaji wengine huenda wakashangaa kuwa sheikh ndiye aliyetetea makombora. Tulimwambia kuwa chombo hiki kikitolewa silaha kitakuwa kizuri tu: rangi nzuri, feni nzuri, viti vizuri. Atakayekiona atadhani kilikuwa cha kutalii. Kama amekubali kukifuatilia hadi kwenye mikanda ya viti, basi na makombora afuatilie. Alifikiri siku mbili. Kisha akavitoa vibweta, vinne vyote. Kila kimoja usoni kina vijishimo 32 vya makombora ya milimita 57, lakini kiwandani vilitobolewa juujuu tu, havina kina. Akachukua sindano, akaanza kuvitoboa kimoja kimoja. Alikuwa akihesabu. Ilimchukua siku nne baada ya Isha, na tulikuwa tukimsikia kupitia mlangoni: tisini na nane, tisini na tisa. Mwisho wake ni 128. Kabla ya hapo alikuwa akiijua idadi hiyo kwa kuisoma, na alikuwa akiitaja kwa fahari.

Katika kutafuta picha zake aliyakuta pia ya nchini mwetu. Mwezi wa Agosti 2012 helikopta za jeshi la Uganda zilitoka Entebbe kwenda Somalia kuliongezea nguvu jeshi la Umoja wa Afrika. Moja, ya kubeba mizigo na watu, ilifika Garissa salama. Nyingine tatu, zote Mi-24, zilianguka Mlima Kenya, na watu saba wakafa. Wengine waliokolewa mlimani kwenye baridi. Alitusomea habari hiyo wakati wa chakula cha usiku. Mama watoto, ambaye hadi hapo hakuwa amelitamka jina la helikopta ile ila kwa kuita "dude lako", aliuliza kama mama zao walipewa maiti zao wakazika. Kijana hakujua. Alirudi chumbani kutafuta.

Tukirudi kwa mama zetu wanaotuuliza: hatuwezi kuwapa hukumu moja kwa kila nyumba. Kijana anayekishika kifaru cha plastiki na kupiga kelele za mizinga hafanyi jambo moja na yule anayekaa miezi mitatu akiuliza hiki ni cha nini na kile ni cha nani. Na mtoto mdogo asipewe kabisa, kwa wembe, kwa gundi, na kwa vipande vinavyomezeka. Lakini aliyefikia umri wa kuuliza, mzazi akae naye mezani. Asimwachie sanduku na picha ya jalada peke yake, maana picha ya jalada huchorwa na mtu aliye juu akitazama chini.

Helikopta bado haijakwisha. Zimebaki nembo, ambazo huloweshwa majini zikateleza kwenye karatasi yake hadi mahali pake, na yamebaki mapanga matano. Kiwandani yametolewa yamenyooka kama rula, na kijana ameona katika picha zake kuwa helikopta ikizimwa mapanga hulegea, ncha zikainama kwa uzito wake. Atayatia maji ya moto ayapinde kwa vidole, moja moja, yalingane. Vioo vimeshagandishwa. Mlango wa ubavuni, ambao ungeweza kufungwa, ameugandisha wazi.