Chanda chema huvikwa pete, hata kikiwa cha mpishi

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Lakini katika shule zetu nyingi, pete hiyo hupewa walimu wa madarasa ya mtihani pekee. Wapishi, mabawabu, makarani na walimu wa madarasa ya chini kazi yao huwa ni kupiga makofi.

Nayasema haya kwa sababu mama yangu alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni magharibi mwa Kenya. Saa kumi za alfajiri alikuwa amekwisha kuwasha moto ili wanafunzi wapate uji kabla ya masomo. Alihudumu chini ya walimu wakuu wawili, na sisi watoto tuliijua tofauti yao kwa uso aliorudi nao jioni.

Wa kwanza alikuwa msomi na mchapakazi. Matokeo ya KCSE yalipokuwa mazuri, alichinja fahali kuwapongeza walimu. Mama na wenzake waliipika nyama hiyo, wakaipakua, kisha wakaosha sufuria. Hakuna aliyewakaribisha mezani. Kwa miaka sita mama aliitwa "wewe wa jikoni".

Wa pili hakuwa na pesa zaidi. Wapishi hulipwa na bodi ya shule, si na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), na karo ikichelewa mishahara nayo huchelewa. Lakini yeye aliwaita wote, akawafungulia daftari: hizi zimeingia, hizi zimetoka, mtalipwa tarehe fulani. Tarehe ilipofika, walilipwa. Alipowauliza kinachowasumbua, walisema ni moshi. Muhula uliofuata dohani ikajengwa. Siku ya kutoa zawadi, majina yao yalisomwa mbele ya wazazi. Mama alipewa blanketi, lakini jioni hiyo hakuzungumzia blanketi. Alizungumzia jina lake.

Kuna watakaosema kwamba dawa ya kazi ni mshahara, basi. Kweli, mwalimu mkuu hana uwezo wa kuongeza mshahara wa mwalimu. Walimu walipogoma Oktoba 1997, ni serikali iliyokubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, na ahadi ilipokosa kutimizwa, wakagoma tena 1998. Mambo hayo hayamalizwi katika ofisi ya shule.

Hata hivyo, mwalimu mkuu ana mengi mkononi mwake. Ndiye anayeamua iwapo vipindi vitagawanywa kwa haki au vigumu vyote vitatupiwa mwalimu mgeni. Ndiye anayetoa ruhusa kwa aliyefiwa. Ndiye anayeweza kumkosoa mwalimu faraghani badala ya kumwaibisha mbele ya wanafunzi.

Ila asisahau kwamba asante hailipi kodi ya nyumba. Anayewasifu wafanyakazi huku amewakalia mishahara yao anawahadaa, nao wanajua. Sifa za yule wa pili zilikuwa na uzito kwa kuwa alitimiza alichoahidi.

Basi msomaji mpendwa, utakapokwenda shuleni siku ya wazazi, usiulize wastani wa alama pekee. Uliza pia mpishi wa mwanao amelipwa hadi mwezi gani.