Mtoto Asiyeandikwa

Neno la kwanza ambalo shule ilimpa mpwa wangu lilikuwa "mzito". Alikuwa darasa la pili, dawati la nyuma, katika chumba chenye watoto zaidi ya tisini. Kwenye imla aliambulia maneno mawili matatu. Mwalimu akamwita dada yangu, akamshauri mtoto akariri darasa. Ukweni nao wakawa na lao: abaki nyumbani asaidie shambani, migomba haidai kusoma.

Dada alikuwa na vipimo vyake vya jikoni. Ukimwita mtoto kwa nyuma, hageuki. Ukimgusa bega akakutazama, anafanya ulichomtuma. Mvua ikipiga bati, na hapa Msasani mvua haitusahau, ndiyo hapati kitu kabisa. "Mdogo wangu," aliniambia, "huyu si mzito. Huyu hasikii."

Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika chuo, nikapewa kazi ya kusoma sheria. Nikakuta tumeandikiwa mambo mazuri. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayotaka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na apewe huduma saidizi zinazomfaa. Nilimsomea dada kifungu chote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa hii naipeleka kwa nani?"

Sheria inazungumza na watoto wote kwa mpigo. Ofisi inazungumza na mtoto aliyeandikwa. Kila mwaka shule hujaza takwimu, na humo mna sehemu ya wanafunzi wenye ulemavu, kwa aina zake. "Mzito" haina safu kwenye jedwali hilo. Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa amehesabiwa kama mtoto asiyehitaji chochote. Hata walimu wanaosomea elimu maalumu kule Patandi, Arusha, wangepangwaje kumfuata mtoto ambaye kwenye karatasi hayupo?

Dada akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata na kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Hakuandika "naomba msaada". Aliandika "naomba mwanangu afanyiwe upimaji na ubainishaji wa mahitaji yake ya kielimu". Ukiomba msaada, utapewa pole. Ukiomba upimaji, kuna mtu ambaye hiyo ni kazi yake, na sasa anadaiwa jibu. Kila alipoacha barua, nakala yake ilirudi na mhuri na tarehe. Zilipopita wiki tatu kimya, alirudi na nakala ile, akaiweka mezani, akaamkia, akaketi kusubiri.

Rufaa ya hospitali ilitupeleka Mbeya mjini. Nauli ilitoka kwenye mikungu ya ndizi. Kipimo kilionyesha masikio yote mawili yamepungua usikivu, la kushoto zaidi. Ile ripoti ndiyo iliyomleta afisa darasani, na aliyoyaandika hayakugharimu hata shilingi: mtoto akae mbele, sikio la kulia lielekee kwa mwalimu, mwalimu asizungumze huku amegeukia ubao, wakati wa imla mtoto aone midomo yake.

Shimesikio bado hatujapata. Bei yake ni mikungu mingi mno, na ombi letu lina mhuri lakini halina jibu. Madarasa nayo bado yamefurika. Siwezi kusema karatasi zimeshinda. Ila mtoto anaandika imla, na habari ya kukariri haijasikika tena. Ukweni wamenyamaza pia. Sijui kama wameamini au wameogopa mihuri.

Mwezi uliopita jirani mmoja alikuja na binti yake wa miaka saba ambaye hajawahi kupelekwa shule. Akauliza, "Mama, wewe ulianzia wapi?" Mimi nikaanza kutafuta sheria kwenye simu. Dada akavuta kigoda, akamkaribisha mtoto uji, kisha akamgeukia mama yake.

"Cheti chake cha kuzaliwa unacho?"