Tone Moja Jichoni

Kwetu Singida kuku ni mali ya mama. Chumvi, madaftari, nauli ya hospitali, vyote vilitoka kwenye matenga yaliyopandishwa basi kwenda Dar es Salaam.

Kila kiangazi kilipokolea, mdondo uliingia. Leo kuku mmoja anasinzia, mabawa yameanguka, anaharisha kijani. Kesho mwingine shingo imepinda, anazunguka palepale. Haipiti wiki, banda jeupe. Mama alitwanga pilipili na shubiri akawanywesha, wakafa vilevile. Majirani waliwawahisha kuku wao mnadani wakiwa bado wanatembea, na ugonjwa ukahamia kijiji cha pili. Sikuwalaumu, nani akae aangalie mali yake ikioza?

Chanjo ya mdondo ilikuwepo miaka yote hiyo, ila ilitengenezwa kwa wafugaji wakubwa: chupa moja ya dozi 500 au 1,000, na lazima ikae kwenye friji. Sisi umeme tuliuona mjini.

Ndipo ikaja I-2, chanjo inayostahimili joto, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Maabara ya mifugo ya Temeke ikaanza kuizalisha hapahapa nchini. Hata hivyo, naamini ingeishia mjini kama si mafunzo. Bwana mifugo mmoja hawezi kuzunguka vijiji vyote, hivyo wanakijiji wenyewe walifundishwa kuchanja, na shangazi yangu akawa mmojawao.

Alikuwa akitoka alfajiri, kuku hawajafunguliwa. Anamlaza kuku ubavu, chupa anaielekeza chini wima kabisa ili matone yalingane, anadondosha moja jichoni, hamwachii mpaka apepese.

"Mwanangu, jogoo lote hili unalipa sawa na kifaranga?" mzee mmoja alimuuliza.

"Tone moja linamtosha, baba."

Januari, Mei, Septemba, kila mwaka. Kuku aliyekwisha kuugua, shangazi alimkataa, kwa kuwa chanjo haitibu, na akifa lawama ni za mchanjaji. Alidai malipo kidogo kwa kila kuku. Wapo waliotaka iwe bure kabisa. Mimi nilikuwa upande wa shangazi, maana asiyelipwa hatoki alfajiri mwaka wa pili.

Siku hizi kuku wamejaa kijijini, na kesi zinazofika kwa balozi wa nyumba kumi ni hizi: kuku wa fulani wamefukua mtama wa fulani.